Neno likikwama, usilisukume: kigugumizi kinavyotokea na namna ya kukidhibiti

Abiria anataka kusema "Shusha Mafiati." Midomo imefumba kwenye M, haiachii, na daladala inapita kituo. Ulimi wake mzima kabisa. Kumkata mtoto kimeo au kile kijinyama cha chini ya ulimi hakuondoi kigugumizi; kunamwachia kidonda tu, na damu inaweza kugoma kukata.

Chanzo kiko kwenye ubongo. Pumzi, nyuzi za sauti, ulimi na midomo lazima vipokezane ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kwa mwenye kigugumizi mpangilio huo unayumba. Mara nyingi ni cha kurithi: mwaka 2010 watafiti walitangaza jeni tatu zinazohusika kwa baadhi ya watu. Woga haukianzishi, ila hukizidisha. Na mtu huyohuyo akiimba kwaya, hakwami.

Ukikwama kwenye Mafiati, baki hapohapo kwenye M. Legeza midomo mpaka igusane kama karatasi mbili. Acha sauti itoke puani, "mmm" laini, kisha telezea kwenye "a". Kituo kikiwa Kabwe, ni ngumu zaidi, maana K haina mvumo wa kushikilia: anza kutoa pumzi kidogo, gusisha nyuma ya ulimi kwa wepesi, vuta "a".

Wengi huharibu kwa kujaza kifua pumzi na kuibana. Hapo nyuzi za sauti nazo hufunga. Kupiga mguu chini husaidia siku chache, kisha huwa sehemu ya kigugumizi chenyewe. Kukwepa neno ("shusha hapo mbele") ndiko kubaya kuliko vyote, kwa sababu kesho utaliogopa zaidi.

Fanya mazoezi dakika 10 kila siku: kwanza peke yako, kisha na ndugu, kisha kwenye simu, daladala mwishoni.

Kwa watoto huanza kati ya miaka 2 na 5, na wengi hupona. Usimwambie "tulia, vuta pumzi", wala usimmalizie neno. Punguza kasi yako wewe, subiri sekunde 2 kabla ya kumjibu. Kikizidi miezi 6, au akianza kukwepa kuongea, mpeleke hospitali ya rufaa uulizie tiba ya usemi. Wataalamu ni wachache, usichelewe. Mtu mzima kikimwanza ghafla, hospitali siku hiyohiyo: huenda ni kiharusi.

Mwalimu naye asimruke mtoto huyu zamu ya kusoma. Amsomeshe pamoja na mwenzake, kwa sauti moja. Wengi hapo husoma bila kukwama.