Kupanga Misa ya Dominika: masomo, nyimbo na mapambo

Vikao vingi vya kamati ya liturujia hufunguliwa kwa swali moja: "Jumapili tuimbe nini?" Mwalimu wa kwaya anataja wimbo ulioiva mazoezini, mwingine anaongeza ule unaopendwa, na baada ya dakika kumi orodha imejaa kabla kitabu cha masomo hakijafunguliwa. Misa itaimbwa, pengine vizuri tu, ila nyimbo zitashika njia yake na Injili njia yake. Utaratibu unaofaa ni masomo kwanza, kisha matendo ya ibada, kisha nyimbo. Maua na vitambaa huja baadaye.

Pangeni kipindi kizima, si wiki mojamoja. Majilio yote kwa kikao kimoja, kama wiki sita kabla. Kwaresima na Pasaka zipangwe pamoja, kwa sababu kazi kubwa ya Kwaresima ni kuacha vitu ambavyo Pasaka itavirudisha. Awepo padre, mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda, na viongozi wa wasomaji, wa watumishi wa altare na wa mapambo. Mpiga kinanda ndiye anayesahaulika zaidi, kisha anakabidhiwa orodha sakristia dakika tano kabla ya kengele.

Mko mwaka gani?

Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka. Mwaka unaogawanyika kwa 3 bila kubaki kitu ni C. Kwa hiyo 2025 ulikuwa C, 2026 ni A, 2027 ni B. Mwaka wa liturujia huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, si tarehe 1 Januari: mwaka B unaanza 29 Novemba 2026. Ndiyo maana Majilio huleta aibu ileile mara kwa mara, msomaji akisoma somo la mwaka uliokwisha kwa kuwa utepe wa kitabu haukuhamishwa. Siku za juma katika kipindi cha kawaida (nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka), Injili ni moja kila mwaka, ila somo la kwanza na zaburi hufuata mwaka I (miaka witiri) au II (miaka shufwa).

Yohane hana mwaka wake. Husomwa zaidi Kwaresima na Pasaka, na katika mwaka B sura yake ya 6 hushika Dominika tano mfululizo za kipindi cha kawaida, ya 17 hadi ya 21. Hapa ndipo upangaji wa kipindi kizima unapojilipa. Kwaya isiyotazama mbele humaliza nyimbo zote za mkate wa uzima Dominika ya 17, kisha hurudia zilezile wiki nne mpaka watu wanachoka. Ukizisoma Injili zote tano kwa pamoja unaona zinavyosogea. Ya 17 watu wanalishwa, basi chagueni wimbo wa shukrani kwa Mungu anayelisha. Ya 18 na 19 Yesu anajitaja kuwa mkate nao wananung'unika. Ya 20 ndiyo hasa ya mwili na damu, na nyimbo za Ekaristi mzihifadhi kwa siku hiyo. Ya 21 wengi wanamwacha, Petro anauliza waende kwa nani. Hapo wimbo wa imani na kumfuata Kristo unakaa vizuri kuliko wa mkate.

Nyimbo ambazo ni tendo, na nyimbo za kusindikiza

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma (kitabu cha sala za Misa) yanazitenga sehemu za kuimba katika mafungu mawili, na mkilishika hili mabishano mengi ya kamati yanakwisha. Fungu la kwanza ni nyimbo ambazo zenyewe ndizo tendo la ibada: Utukufu, wimbo wa katikati (yaani zaburi), Shangilio (la kabla ya Injili), Mtakatifu, tangazo la fumbo la imani. Zinapoimbwa hakuna kingine kinachofanyika. Fungu la pili husindikiza tendo: wimbo wa mwanzo husindikiza maandamano ya kuingia, wa matoleo husindikiza kuletwa na kutayarishwa kwa vipaji, Mwanakondoo husindikiza kuumega mkate, wa Komunyo husindikiza waamini wanaokwenda kupokea.

Utukufu hauna mbadala: wimbo mwingine wenye neno "utukufu" ndani yake haushiki nafasi yake. Wimbo wa kusindikiza, kwa upande wake, haudai kuimbwa wote. Padre akishanawa mikono na kurudi katikati ya altare huku kwaya ikiwa ubeti wa tatu kati ya sita, kosa ni la aliyepanga. Chagueni wimbo wa beti fupi wenye kiitikio, ili mwalimu aweze kuufunga mwisho wa ubeti wowote kwa ishara ya mkono.

Mwanakondoo hurudiwa kadiri umegaji unavyoendelea, na mara ya mwisho humalizikia "utujalie amani". Huyu ndiye anayemezwa na wimbo wa amani, ule unaoimbwa watu wakipeana amani. Liturujia ya Kiroma haina wimbo wa amani. Barua ya Vatikani ya 2014 kuhusu kupeana amani inalitaja jambo hilo waziwazi. Watu wapeane amani na walio karibu nao, basi, Mwanakondoo aanze.

Komunyo ifanyieni hesabu. Katika foleni inayotembea vizuri, mtu mmoja huchukua sekunde 4 au 5. Waamini 400 na wanaogawa 4 ni watu 100 kwa kila foleni, yaani kama dakika 8. Wimbo wa dakika 4 utaisha nusu ya watu wakiwa bado wamesimama, na nyimbo tatu mfululizo zitaendelea padre akiwa ameshakaa. Chagueni mmoja wenye kiitikio ambacho watu wanakijua kwa kichwa, kwa kuwa hakuna anayekwenda kukomunika na kitabu mkononi. Beti zikiisha, kinanda kiendelee peke yake (isipokuwa Kwaresima) au pawe kimya. Wimbo huanza padre anapokomunika, si foleni inapofika mbele. Wanakwaya nao wapokee wote mwanzoni au wote mwishoni. Wakienda mmojammoja katikati ya ubeti, mwisho wanabaki besi wawili.

Ikiwa hamwezi kuimba kila kitu, hati ya Musicam Sacram ya 1967 inatoa ngazi za kufuata. Kwanza ni majibizano ya padre na waamini, utangulizi wa Sala ya Ekaristi pamoja na Mtakatifu, na Baba Yetu. Pili ni Bwana utuhurumie, Utukufu, Nasadiki na Mwanakondoo. Wimbo wa mwanzo, wa matoleo na wa Komunyo viko ngazi ya tatu. Parokia nyingi hufanya kinyume: matoleo dakika saba kwa sauti nne, kisha Mtakatifu anasomwa. Shangilio, lisipoimbwa, laweza kuachwa. Kulisoma kama tangazo hakuna maana.

Zaburi ya mwimbaji anayeanza

Huimbwa mimbarini au mahali pengine panapofaa, na wimbo wa kwaya hauchukui nafasi yake. Kinachotisha ni kujifunza zaburi mpya kila wiki. Kitabu cha masomo chenyewe kinaruhusu zaburi za kipindi kutumika badala ya ile ya siku inapoimbwa: 25 au 85 kwa Majilio, 98 kwa Noeli, 51, 91 au 130 kwa Kwaresima, 118 au 66 kwa Pasaka, na kwa kipindi cha kawaida mna nyingi, zikiwemo 34, 63, 95, 103 na 145. Mwimbaji akizishika sita tu ana mwaka mzima wa kuanzia.

Namna ya kuingiza kiitikio ni rahisi: mwimbaji anakiimba peke yake, anainua mkono, watu wanakirudia. Mkono uinuke pumzi moja kabla ya watu kuingia. Ukiinuka wakati uleule wa kuingia, nusu ya kanisa inachelewa. Kisha aimbe beti akitazama kitabu, na viitikio akitazama watu. Anapoongoza kiitikio arudi nyuma kidogo, mbali na kipaza sauti, la sivyo watu watamsikiliza yeye badala ya kuimba.

Kuhusu ufunguo: waamini wa kawaida huimba vizuri kati ya C ya kati na D ya juu. Wimbo unaopanda mpaka F utaimbwa na soprano peke yao, na wanaume watanyamaza bila kusema kwa nini. Ushusheni. Kwa Misa ya alfajiri shusheni tena kwa toni moja, koo bado limelala.

Halafu kimya. Kipo baada ya "Tuombe", baada ya masomo, baada ya homilia na baada ya Komunyo, na wapiga vinanda hukiogopa kama moto. Kiandikeni kwenye karatasi ya mpango kama mnavyoandika wimbo, ili asiyejua asidhani mtu amesahau zamu yake.

Altare, maua, sanamu

Altare hufunikwa angalau kitambaa kimoja cheupe. Mishumaa ni 2, 4 au 6. Inakuwa 7 askofu wa jimbo anapoadhimisha. Msalaba wenye sura ya Kristo msulubiwa uwe juu ya altare au karibu nayo. Maua hukaa kuizunguka, si juu ya meza. Yawe ya kiasi wakati wa Majilio. Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu. Kinanda nacho Kwaresima husaidia waimbaji tu, kwa vighairi hivyohivyo. Kabla ya kuondoka, aliyepamba akae benchi la mwisho, kisha la kwanza, atazame kama anaona meza ya altare na uso wa msomaji. Shada linalopendeza ukiwa umesimama mara nyingi humziba msomaji mfupi.

Maua ya kukatwa: punguzeni mashina kwa mshazari kama sentimita 2, ondoeni majani yote yatakayozama, na badilisheni maji kila baada ya siku mbili, majani yanayooza majini ndiyo yanayoua shada kabla ya Dominika. Mayungiyungi yatolewe vichwa vya chavua mapema. Chavua ikidondokea kitambaa, msiipanguse kwa maji. Inyanyueni kwa utepe wa gundi. Nta iachwe igande, ikwanguliwe, kisha kitambaa kipigwe pasi ya moto mdogo kati ya karatasi zinazofyonza. Korporale (kitambaa kinachotandazwa altareni chini ya kalisi, yaani kikombe cha divai) na vitambaa vya kufutia kalisi viloweshwe kwanza katika maji, maji hayo yamwagwe ardhini, ndipo vifuliwe.

Kwa sanaa ya kudumu kanuni ni chache lakini nzito. Kwa kawaida isiwepo zaidi ya sanamu moja ya mtakatifu yuleyule. Zawadi ya sanamu ya tatu ya Bikira Maria ni vigumu kuikataa, kwa hiyo kamati iwe na utaratibu wa kupokea zawadi kabla mtu hajanunua. Kalisi na vyombo vya kuwekea Ekaristi visiwe vya kioo, udongo au kitu kinachovunjika kirahisi. Hati ya Redemptionis Sacramentum ya 2004 inakataza. Mabango yenye maandishi tungeyaacha kabisa. Rangi ya kipindi na alama moja hutosha, na neno lina mimbari yake.

Ubani hukwama kwenye mkaa. Mkaa uwasheni dakika 10 hadi 15 kabla, mpaka ukingo wote uwe na majivu ya kijivu. Ukiwekewa ubani bado mweusi, utazimika katikati ya maandamano. Tandazeni mchanga ndani ya chetezo, chini ya mkaa, na hifadhini mkaa katika kopo lisilopitisha hewa, kwa kuwa ulionyonya unyevu hupasukapasuka na kurusha cheche.

Kesha la Pasaka

Hii ndiyo Misa inayohitaji karatasi yake pekee. Haianzi kabla ya usiku kuingia. Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, mpya kila mwaka, mmoja tu. Uwasheni kidogo mchana na kuuzima, ili utambi ushike upesi nje kwenye upepo. Taa za kanisa huwashwa baada ya tangazo la tatu la mwanga wa Kristo. Mishumaa ya altare husubiri mpaka kabla ya Utukufu. Mpangieni mtu mmoja swichi, na jina lake liandikwe.

Masomo ya Agano la Kale ni 7, kila moja na zaburi yake na sala. Sababu za kichungaji zikilazimu yanaweza kupunguzwa hadi 3, ila Kutoka 14 haliachwi kamwe. Wimbo wake huanza mara msomaji anapomaliza, hivyo mwimbaji awe tayari ameshasogea. Gawanyeni zaburi kwa waimbaji watatu au wanne. Mmoja akizibeba zote, sauti itakuwa imekwisha wakati wa Aleluya, na Aleluya hiyo ndiyo haijaimbwa tangu Jumatano ya Majivu. Wakati wa Kwaresima pitieni pia beti za kila wimbo mmojammoja: neno "aleluya" hujificha ubeti wa nne, mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Mshumaa hukaa karibu na mimbari au altare mpaka Pentekoste iishe. Baada ya hapo huhamishiwa penye kisima cha ubatizo, huwashwa watoto wanapobatizwa, na husimamishwa karibu na jeneza wakati wa mazishi.