Jinsi ya kutafuta makala za afya kwa kufuata mti wa istilahi

Wanafunzi wengi wa uuguzi ninaowahudumia maktabani hapa Nairobi huandika swali zima kwenye kisanduku cha PubMed, hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni, kisha wakaletewa maelfu ya makala zisizowahusu. Huwaomba waanzie MeSH, orodha ya istilahi iliyoanzishwa mwaka 1960 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambamo kila dhana ina jina moja rasmi na majina mengine yote huelekezwa kwenye hilo.

Fungua MeSH, uandike neno lako kwa Kiingereza, lugha ya orodha hiyo. Ukiandika "heart attack" utapelekwa kwenye "Myocardial Infarction", nalo ndilo jina utakalolitumia.

Kisha teremka hadi chini ya ukurasa, ulipo mti, yaani mpangilio unaoweka istilahi finyu chini ya zile pana, na hapo usiwe na haraka. Istilahi zimegawanywa katika makundi makuu 16 yenye herufi zake: A ni mwili na viungo vyake, B viumbe, C magonjwa, D kemikali na dawa, na Z mahali. Tazama malaria ya ubongo. Utaikuta chini ya malaria, iliyo chini ya magonjwa ya protozoa, na utaikuta tena chini ya magonjwa ya mfumo wa neva, kwa sababu istilahi moja yaweza kukaa kwenye matawi mawili. Kimelea cha Plasmodium hakimo humo. Kimo katika B, kama alivyo mbu Anopheles. Kwa hiyo anayeuliza kuhusu mbu na anayeuliza kuhusu mgonjwa hawaanzii tawi moja.

Ukichagua "Malaria", PubMed hukusanya pia istilahi zote zilizo chini yake. Kuna kisanduku cha kuzuia hilo, lakini nakusihi usikiguse bila sababu: makala ya malaria ya ubongo huwekewa istilahi hiyo mahususi, si ile ya jumla, nawe utaikosa.

Mahali nako huunganishwa kwa AND, inayoleta makala zenye istilahi zote mbili, hivi: "Malaria, Cerebral"[Mesh] AND "Kenya"[Mesh]. Makala mpya kabisa huenda hazijawekewa istilahi bado. Kwa hizo, fanya utafutaji wa pili kwa maneno ya kawaida ya kichwa cha makala, kisha uunganishe matokeo yote mawili kwa OR, inayoleta makala zilizo katika utafutaji wowote kati ya hizo mbili.