Wilson saa tisa alasiri: hesabu ya kufanya kabla ya kuwasha injini

Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Lakini mabawa, propela na injini hutegemea uzito wa hewa iliyopo, na hewa ya alasiri si ile ya asubuhi. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa urubani huanza na hesabu hii ya kimo cha msongamano, yaani kimo ambacho ndege inafanya kazi kana kwamba iko.

Hatua ya 1. Chukua METAR (taarifa ya hali ya hewa ya uwanjani) ya karibuni. Tuseme inasomeka hivi:

HKNW 091200Z 06010KT 9999 FEW024 26/12 Q1021

HKNW ni Wilson. Tarehe 9, 1200 Zulu (saa za kimataifa, UTC), yaani saa 9 alasiri kwetu. Upepo mwanana, mawingu machache, unaona kilomita 10 na zaidi: siku nzuri kwa macho. Zungushia kalamu 26, ambayo ni joto, na Q1021, ambayo ni mgandamizo wa hewa kwa hektopaskali.

Hatua ya 2. 1021 imezidi 1013, mgandamizo sanifu, kwa 8. Kila hektopaskali ni kama futi 30, basi futi 240. Mgandamizo ukizidi 1013 unatoa, ukipungua unajumlisha. 5,536 − 240 = 5,296. Hicho ni kimo cha mgandamizo.

Hatua ya 3. Joto sanifu ni nyuzi 15 baharini, na hupungua 2 kwa kila futi 1,000. Kwenye futi 5,300 ni kama nyuzi 4. Leo ni 26, zimezidi 22. Kila nyuzi ni kama futi 120: zidisha upate 2,640, kisha jumlisha kwenye 5,296: karibu futi 7,940. Hicho ndicho kimo cha msongamano.

Magurudumu bado yako Wilson, ila ndege inafanya kazi kama iliyo futi 8,000. Asubuhi yenye nyuzi 13 na Q1023 ungepata kama 6,250 tu.

Hatua ya 4. Fungua kitabu cha ndege, na hapa naomba utulie. Majedwali ya kuruka ya Cessna 172 huulizia kimo cha mgandamizo na joto. Ingia na 5,296 na 26. Ukiingia na 7,940 halafu ukasoma tena safu ya joto, umelihesabu joto mara mbili. Namba ikiangukia kati ya mistari miwili, chukua ya juu. Umbali wa kuruka ukikaribia urefu wa njia ya kurukia, punguza mzigo au ngoja asubuhi.

Hatua ya 5. Rekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa kama kitabu kinavyoelekeza. Ukikimbia, lami itapita kasi kuliko ulivyozoea na mkono utataka kuvuta usukani. Usivute. Ngoja sindano ya kasi ifike kasi ileile ya kila siku.