Kugawa diski kwa iSCSI kwenye Debian 12, hatua kwa hatua

Kabla ya amri yoyote, shika jambo moja: iSCSI, yaani njia ya kutumia diski ya seva nyingine kupitia mtandao, haigawi folda, inagawa diski. Seva inayoipokea huiona kana kwamba imefungwa ndani ya kasha lake, na huichukulia kuwa yake peke yake. Seva mbili zikimaunti (zikifungua kwa matumizi) ext4 ileile, yaani mfumo wa faili uleule, kwa wakati mmoja, kila moja itaandika bila habari za mwenzake, na data itaharibika. Ukitaka folda ya pamoja, tumia NFS au Samba. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye suala la nani aruhusiwe kuiona diski.

Katika mfano huu seva ya hifadhi ni 10.10.20.5 na seva ya hifadhidata ni 10.10.20.11. Zote ziko kwenye VLAN yao (mtandao pepe uliotengwa), kando na watumiaji wa kawaida, kwa sababu iSCSI yenyewe haisimbi data inayopita njiani.

Hatua ya 1: andaa diski

Kwenye seva ya hifadhi:

```
apt install targetcli-fb
lvcreate -L 200G -n db01 vg0
targetcli
```

Hapo `vg0` ni kundi la diski la LVM, mfumo wa Linux wa kugawanya nafasi ya diski. Napenda LVM kwa sababu siku nafasi ikipungua utaongeza bila kuhamisha chochote. Usiifomati hapa, hiyo ni kazi ya mpokeaji.

Hatua ya 2: tengeneza tageti (diski inayotolewa kwa mtandao)

Ndani ya targetcli:

```
/backstores/block create db01 /dev/vg0/db01
/iscsi create iqn.2024-05.com.example:db01
cd /iscsi/iqn.2024-05.com.example:db01/tpg1
luns/ create /backstores/block/db01
portals/ delete 0.0.0.0 3260
portals/ create 10.10.20.5
```

Usiruke ile amri ya kufuta. Kwa kawaida targetcli hufungua mlango 3260 kwenye anwani zote za seva, hata zile za mtandao wa ofisi.

Hatua ya 3: amua nani aingie

Nenda seva ya hifadhidata, sakinisha `open-iscsi`, kisha soma jina lake:

```
cat /etc/iscsi/initiatorname.iscsi
```

Ikiwa seva hiyo ni mashine pepe iliyonakiliwa kutoka nyingine, linganisha majina. Mara nyingi nakala hubeba jina la mama yake, na hapo ACL yako (orodha ya majina yanayoruhusiwa) haitaweza kuzitofautisha. Tengeneza jina jipya kwa `iscsi-iname`, liandike kwenye faili hilo, kisha washa upya `iscsid`.

Rudi kwenye targetcli, ukiwa bado ndani ya tpg1:

```
set attribute authentication=1
acls/ create JINA_ULILOSOMA
cd acls/JINA_ULILOSOMA
set auth userid=db01 password=NenoRefuLaSiri
cd /
saveconfig
exit
```

Weka nenosiri la herufi 12 hadi 16. Windows haikubali nje ya kiwango hicho, na huenda kesho ukaihitaji.

Hatua ya 4: unganisha

Kwenye seva ya hifadhidata, hariri `/etc/iscsi/iscsid.conf` kwanza (CHAP ni njia ya kuthibitisha jina na nenosiri):

```
node.startup = automatic
node.session.auth.authmethod = CHAP
node.session.auth.username = db01
node.session.auth.password = NenoRefuLaSiri
```

Mpangilio ni muhimu. Ugunduzi (amri ya `discovery` hapa chini) hunakili mipangilio hii kwenye rekodi ya tageti, kwa hiyo ukibadilisha faili baadaye, rekodi ya zamani itabaki na maneno ya zamani.

```
iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.20.5
iscsiadm -m node --login
lsblk
```

Diski mpya itaonekana, tuseme sdb. Hakikisha ukubwa ni 200G ndipo uandike `mkfs.ext4 /dev/sdb`. Kwenye `/etc/fstab`, faili la orodha ya diski za kumaunti, tumia UUID (namba ya kipekee ya mfumo wa faili), maana herufi ya diski inaweza kubadilika, na uongeze `_netdev` ili mfumo usubiri mtandao kabla ya kumaunti.

Hatua ya 5: jaribu kuzima

Fanya hivi kabla data ya kweli haijaingia. Toa maunti, ondoka kwa `iscsiadm -m node --logout`, kisha washa upya seva ya hifadhi. Ikirudi, endesha `targetcli ls`. Mti (orodha ya mipangilio inayoonyeshwa) ukiwa mtupu, huduma ya kurejesha mipangilio haikuwashwa:

```
systemctl enable --now rtslib-fb-targetctl
```

Mti ukiwa kamili, washa upya na seva ya hifadhidata, na uone kama diski inajimaunti bila wewe kugusa kibodi.