Barua ya kuomba kazi ya ofisini: jibu tangazo, usilie shida

Mimi nina steshenari huku Ngamiani, Tanga, nachapa na kuskani barua za kazi karibu kila siku, na zamani nilikaa masjala, yaani ofisi ya kutunza majalada na barua, kwa hiyo hizi barua nimezipokea na nimeziandika pia.

Kwanza soma tangazo lote, usiishie kwenye mshahara. Shika kalamu upigie mstari kazi walizotaja, labda kupokea wageni, kutunza majalada, kuandaa vikao. Hayo ndo maswali yenyewe ambayo barua yako inatakiwa kuyajibu. Watu wanaruka hapa, wanachukua barua ya mwaka juzi wanabadilisha tarehe basi, juzi kijana kaja anaomba umasjala, YAH yake, kile kichwa cha barua, bado inasema udereva!

Anwani yako na simu inayopatikana vikae juu kulia, kisha tarehe, halafu kushoto cheo na anwani ya unayemwandikia kama tangazo linavyosema. Zile za Sekretarieti ya Ajira, wale wanaoshughulikia ajira za serikali, unamwandikia Katibu, S.L.P. 2320 Dodoma, hata kama ofisi iko hapa hapa Tanga. Aya ya kwanza mistari miwili inatosha, unaomba kazi gani na tangazo umeliona wapi, la tarehe ngapi.

Aya ya pili ndo yenye kazi. "Mimi ni mchapakazi na mwaminifu" kila mtu anaandika, hata mvivu. Dada mmoja aliniletea "nina uzoefu wa kazi za ofisi", nikamuuliza kwani ulikuwa unafanya nini hasa? Akasema alienda fildi miezi miwili akakuta majalada yamechanganyika, akayapanga. Sasa si ndo hiyo mwanangu! Tukaandika: "Nikiwa mafunzoni nilipanga upya majalada kwa namba za kumbukumbu na kufungua rejista ya yanayotoka na kurudi, hivyo kila jalada lilijulikana liko kwa nani." Hapo bosi anamwona mtu yuko kazini.

Mambo ya "nasomesha wadogo zangu" toa, najua inauma ila haijibu swali lolote kwenye tangazo.

Malizia na lini unaweza kuanza, kisha sahihi kwa mkono. Ukurasa mmoja tu. Ukishasaini skani iwe PDF, sio picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako, na faili liite jina lako na kazi unayoomba, maana "barua mpya ya mwisho kabisa 3" nimeshaziona nyingi mno.