Maswali ya mwendo: anza na saa, fomula baadaye

Fomula ni moja tu: umbali ni kasi mara muda. Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Tandika wanaijua hata ukiwaamsha usiku wa manane. Wanakoangukia ni kwenye muda. Kwa hiyo siwaruhusu kugusa fomula mpaka wachore mstari wa barabara na kuandika kila chombo kimetoka wapi, saa ngapi.

Chukua hili. Basi linatoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa 12:00 asubuhi kwenda Morogoro kwa kilomita 60 kwa saa. Gari dogo linatoka hapohapo saa 12:30 kwa kilomita 80 kwa saa. Litalifikia basi saa ngapi, na wapi? (Foleni ya Kibaha isahau. Swali likisema kasi haibadiliki, barabara ni nyeupe na trafiki wote wamelala.)

Anza kuhesabu pale gari dogo linapotoka. Wakati huo basi lina nusu saa barabarani, kwa hiyo liko kilomita 30 mbele. Kila saa gari linapunguza pengo kwa 80 − 60, yaani kilomita 20. Gawa 30 kwa 20, unapata saa moja na nusu. Umbali ni 80 × 1.5 = 120. Sasa hakiki kwa upande wa basi: limetembea saa mbili, 60 × 2 = 120. Pande mbili zisipolingana, usihamie swali linalofuata.

Basi linafikiwa saa 2:00 asubuhi, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Ukiulizwa muda kati ya 12:30 na 2:00, kutoa moja kwa moja hakukubali, maana saa yetu ikipita 12 inarudi 1. Ongeza 12 kwenye ile ya mwisho iwe 14:00, ndipo utoe. Halafu kuna wanaoandika dakika 30 kuwa saa 0.30! Ni 0.5. Dakika zinagawanywa kwa 60, siku zote.

Vyombo vikija vikitazamana, unajumlisha kasi badala ya kutoa. Mengine ni yaleyale.

Vizio vikichanganywa, badili kwanza. Kilomita 36 kwa saa ni mita 36,000 ndani ya sekunde 3,600, yaani mita 10 kwa sekunde, ndiyo maana tunagawa kwa 3.6. Bajaji yako ikitoka na mita 130 kwa sekunde, ujue umezidisha.

Swali ninalolipenda: Daraja la Kigamboni lina mita 680. Lori lenye tela, urefu wake mita 20, linalivuka kwa mita 10 kwa sekunde. Muda gani? Darasa karibu zima hujibu 68. Kwa sekunde 68 kichwa ndicho kimefika ng'ambo, tela bado liko juu ya maji. Mpaka mkia utoke ni mita 700, sekunde 70.

Na wastani: ukienda kwa kilomita 40 kwa saa na kurudi njia ileile kwa 20, usiniandikie 30. Ukipewa kasi bila umbali, jipe umbali unaogawanyika vizuri. Mimi huweka 40. Kwenda saa 1, kurudi saa 2, jumla kilomita 80 kwa saa 3: kama 26.7. Mwendo wa pole umekula muda mwingi zaidi, ndio unaouvuta wastani chini. Weka 20 au 100 badala ya 40, jibu ni lilelile.