Kujua paipu inakula msukumo kiasi gani, na mtaro unapitisha maji kiasi gani

Tangi likiwa mita 6 juu ya mfereji, una mita 6 za msukumo basi. Kila paipu, elbo na koki hukata fungu lake. Piga hesabu kabla ya kununua pampu.

Pima kimo kuanzia uso wa maji tangini, si kifuniko. Pima urefu wa paipu yote, na ile iliyofukiwa ukutani. Fungua mfereji wote, ukinge ndoo ya lita 20: ikijaa kwa sekunde 67, unapata lita 0.3 kwa sekunde. Sasa kanuni ya Hazen-Williams, ya msukumo unaopotea ndani ya paipu:

h = 10.67 × L × Q^1.852 ÷ (C^1.852 × d^4.87)

h ni msukumo unaoliwa, L urefu wa paipu na d kipenyo cha tundu, vyote kwa mita; Q ni mtiririko, mita za ujazo kwa sekunde (hapa 0.0003). C ni kipimo cha ulaini wa ndani: 140 kwa plastiki, 120 kwa chuma kipya, 80 au chini kwa chuma kilicholiwa na maji ya chumvi ya visima vya kisiwani.

Plastiki ya mita 30 yenye tundu la milimita 20 hula mita 1.9; chuma cha C 80, mita 5.4. Lakini kinachowaponza wengi ni tundu. Namba iliyochapwa kwenye paipu ya plastiki ni kipenyo cha nje: paipu nene ya 25 huweza kuwa na tundu la 16.6, na hasara ikaruka hadi 4.7.

Kwa mtiririko huo elbo moja hula sentimita 4 hivi, koki ya skrubu nusu mita. Koki ya mkono (ya kugeuza robo duara) haina neno. Elbo 8 na koki moja ya skrubu, pamoja na ile 1.9 ya plastiki yenye tundu la 20: jumla mita 2.7. Mita 3.3 zilizobaki katika zile 6 zimekwama mahali. Toa mfereji, ukinge tena. Ndoo ikijaa kwa sekunde 45 hivi, paipu ni nzima, badilisha mfereji. Ikikaribia 67 ileile, kuna kutu au uchafu ndani.

Mtaro una kanuni ya Manning: V = R^(2/3) × S^(1/2) ÷ n, ambapo V ni kasi ya maji, R ni eneo la maji kugawanya kwa urefu wa kingo na sakafu zilizolowa, S mwinamo, n ukwaru wa mtaro. Zidisha V kwa eneo la maji, upate mtiririko. Mtaro wa saruji safi (n 0.013), upana sentimita 40, maji sentimita 30, mwinamo 1 kwa 500, hupitisha lita 100 kwa sekunde. Ukiota majani na kujaa mchanga, n hufika 0.030 na lita hazifiki 45. Kwa hiyo hesabu ya masika ifanye kwa n ya mtaro mchafu, na uzoe uchafu kabla ya Aprili.